Bega la Kushoto la Baba

Kosa langu niliseme mwenyewe mapema, kabla jirani yangu hajalisema kwa niaba yangu, maana yeye analijua tangu zamani na ulimi wake hauna mlango. Kwa muda wa miezi minane nilimfunga baba yangu mzazi mkono wa kuume kwa rozari. Sikumfunga kwa kamba, msinifikirie vibaya haraka hivyo. Niliizungusha rozari kwenye vidole vyake mara nne, mara tano, nikamalizia na msalaba katikati ya kiganja, nikakikunja kiganja kiwe ngumi, kisha nikamwambia kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Papa, sali." Yeye, ambaye hakusikia hata neno moja, alinitazama, akautazama mkono wake, akaketi. Nami nikajipongeza. Nilidhani nimetibu ubongo.

Elimu yangu ya ubongo niliipata shule ya sekondari, sehemu ya ualimu, kwenye kitabu cha biolojia kilichokuwa na picha ya kichwa kilichopasuliwa katikati kama kabichi. Kutokana na kabichi hiyo nilijijengea mafundisho yangu: kichwa ni mashine, mashine ikifanya kazi miaka mingi inachoka, na iliyochoka inapumzishwa. Mafundisho hayo yalinifaa sana, kwa sababu mimi ni mtu wa nyumbani kupita kiasi. Wenzangu wa darasa walikwenda Lubumbashi, wengine Kolwezi. Mimi nilifika Mwadingusha mara moja tu, safari ya shule ya kutazama barrage, lile bwawa la umeme, nikatapika kwenye lori kwenda na kurudi, na tangu siku ile nikaona kwamba dunia ikinihitaji itanikuta kwenye kiti changu. Kwa hiyo baba alipoanza kuwa na mambo, dawa niliyomwandalia ilikuwa ile ile niliyokuwa nikiinywa kila siku bila kuugua: kukaa.

Tulikuwa tunaishi Panda, nyumba ya kambi ya wafanyakazi wa shaba, vyumba viwili na kibaraza. Baba alikuwa anaponda mawe tangu kabla sijazaliwa. Kazi yake ilikuwa kwenye konkaseri, ile mashine inayotafuna mawe ya shaba yanapotoka mgodini, na konkaseri ilimlipa mshahara, unga wa kila mwezi, na uziwi. Uziwi ulimjia polepole, kwa heshima. Alianza kupoteza sauti nyembamba: ndege, sufuria ikichemka, mama yangu. Mama alisema anasikia vizuri, ila anajifanya. Mama alipofariki, baba alikuwa anasikia tu mlango ukipigwa kwa nguvu, na hata huo nafikiri alikuwa anausikia kwa miguu.

Nasema kwa miguu kwa sababu niliona kwa macho yangu. Miaka ile kazi ilipoanza kufa, kwanza unga ulichelewa, kisha mshahara, kisha sirene. Sirene, king'ora cha kiwanda, ndiyo ilikuwa saa ya kambi yote. Siku iliponyamaza, wanawake walitoka nje na kulitazama jua kama mtu anayechungulia saa ya jirani. Baba hakujua lolote, kwa sababu sirene hakuisikia kwa miaka mingi. Lakini asubuhi ya siku ya pili alitoka uani, akavua kiatu, akaweka mguu chini kwenye udongo. Akakaa hivyo kwa muda. Kisha akavaa kiatu na kuingia ndani, na siku nzima hakutaka hata tonge la bukari. Konkaseri ilikuwa imesimama. Aliisikia ikinyamaza kwa kisigino.

Alikuwa na mwenzake mmoja, mtu mzima mwenye asili ya Kasai, nyumba ya pili kutoka kwetu. Kwa miaka mingi wawili hao walikuwa wanapokezana kazi: baba aliingia asubuhi, na saa nane ya mchana mwenzake alikuja kumpokea. Kwa hiyo walijuana kama watu wanaopishana mlangoni. Mashine iliposimama, ndipo walipopata nafasi ya kuketi pamoja. Mwenzake alileta kiti chake, akakiweka kwenye kibaraza chetu pembeni ya kiti cha baba, na kuanzia hapo wakawa wanapeperusha mikono kutwa nzima.

Kila mtu pale kambini alijua kwamba watu wa konkaseri wana ishara zao. Kelele ya pale ilikuwa kubwa mno, mtu angeweza kukupigia kelele sikioni na usimsikie. Lakini mimi nilidhani ni ishara kama zile za mtu anayerudisha lori nyuma: njoo, simama, basi. Sikujua kwamba mtu anaweza kupiga nazo porojo, kusema uongo, kumteta kapita, msimamizi wao. Niliwaona wazee wawili wanaofukuza nzi. Niliwachekea kutoka dirishani, nikarudi kwenye kiti changu. Baba alikuwa mzima wakati huo. Alilima bustani ya mboga ya lengalenga nyuma ya nyumba, aliteka maji bomba lilipokauka, na kila asubuhi alitembea hadi kwenye lango la kiwanda kutazama kama limefunguliwa.

Kisha ukaja mwaka ule ambao watu wa Kasai waliambiwa na wakubwa wa jimbo letu waondoke, warudi kwao. Sitaueleza sana, walioupitia wanaujua kuliko mimi. Nitasema nililoliona dirishani: watu nilioazimana nao chumvi wakipita na magodoro kichwani, bila kutazama huku wala huku. Nilifunga pazia. Nilijiambia ni kwa sababu ya vumbi.

Mwenzake baba alikaa kwenye stesheni majuma kadhaa akingoja treni, yeye na mke wake na sufuria zao, katikati ya maelfu. Baba alimpelekea viazi vitamu kila siku. Siku ya treni nilikwenda pia, kwa kuwa niliogopa baba asije akakanyagwa. Watu walikuwa wengi kiasi kwamba hukuona reli. Wote walipiga kelele, waliomo ndani kwa walio nje, na hakuna aliyemsikia mwenzake. Wawili tu katika stesheni ile ndio waliokuwa wanaongea vizuri. Baba alisimama mbali kwenye ukingo, mwenzake alikuwa dirishani, na mikono yao ilikwenda bila haraka. Mwishoni baba aligonga bega lake la kushoto mara mbili kwa mkono wa kuume, halafu akakifungua kiganja juu. Mwenzake aliweka ngumi juu ya kiganja cha mkono wa pili. Baba akatikisa kichwa kukubali. Treni ikaondoka, na ngumi ile bado ilikuwa juu ya kiganja, nje ya dirisha, mpaka penye kona.

Nilimvuta baba mkono. Nilikuwa nimeacha maharagwe jikoni.

Kuanzia juma lile bega likaanza. Akiwa mezani: tap, tap, kiganja juu. Akiwa mlangoni akiutazama ukuta wa jirani: tap, tap, kiganja juu. Kile kiti cha pili kilibaki kwenye kibaraza, na wakati mwingine alikigeukia na kukifanyia ishara ndefu, akangoja, kisha tena bega. Ningeweza kuvumilia nyumbani. Lakini alianza kufanya hivyo misani. Tulikuwa tunaketi safu ya nne, upande wa wanawake wa kwaya, na padri alipoinua kikombe, kanisa zima kimya, baba aliinuka na kugonga bega lake kwa sauti ya kiganja kwenye koti. Watoto walicheka. Mama mmoja wa kwaya aligeuka. Hakumtazama yeye, alinitazama mimi, kutoka kwenye kitambaa cha kichwa hadi kwenye viatu.

Jumapili iliyofuata rozari ilikuwa mkononi mwake.

Na kwa kuwa nilikuwa nimeamua kwamba kichwa chake kimechoka, sikuishia kwenye rozari. Nilimnyang'anya jembe, maana jua linachosha. Nilimnyang'anya ndoo. Nilimkataza kwenda kwenye lango la kiwanda, asije akapotea. Nilimpikia uji laini ili hata meno yapumzike. Wageni walipokuja niliwajibu mimi, kwa kuwa kumweleza mtu kiziwi ni kazi, na baada ya muda wageni hawakumgeukia tena. Nilifanya yote haya kwa nidhamu. Kama kungekuwa na diploma ya kumkalisha mtu, ningeitundika ukutani.

Jirani yangu alikuwa anauza samaki wakavu kwenye soko la Kikula na kusali katika chumba cha maombi ambako waliomba kwa makelele hadi mabati yakatetemeka. Aliniita Mamzeli, kwa sababu nilikuwa nimesoma na sikuwa nimeolewa, na vyote viwili vilimfurahisha. Alikuwa anapita mbele ya kibaraza na beseni lake asubuhi na jioni.

"Mamzeli, papa yako anafunga novena gani ile haimalizike? Hata Papa wa Roma anapumuzika."

"Anasali."

"Anasali na buti mu miguu?"

"Weye uza samaki yako."

"Mulete kwetu, pasteri amuombee. Ile ni roho ya bububu."

"Sisi tuko Bakatoliki."

"Basi mufungie na mukono ya pili."

Alicheka na kwenda zake. Lakini kila mara alipopita alimpungia baba mkono, hivi na hivi, ovyo tu, kama mtu anayemsalimia mtoto. Na kila mara baba aliruka kutoka kitini na kwenda kuchungulia chini ya meza. Mimi nilimkasirikia jirani. Nilimwona anamchokoza mgonjwa.

Ni kweli kwamba baba hakuvua buti. Aliketi kwenye ukingo wa kiti, mgongo haujagusa nyuma, kama mtu atakayeinuka sasa hivi. Alikula amesimama. Alilala usingizi wa mlinzi, amevaa, ameketi. Mwezi wa kwanza nilidhani atazoea. Mwezi wa pili alitulia, nikawaambia watu anaendelea vizuri. Mwezi wa nne aliweka sabuni ndani ya sufuria ya mboga ya sombe. Mwezi wa tano alisimama katikati ya uwanja wetu wenyewe, asijue choo kiko upande gani, choo alichokichimba yeye. Alianza kunitazama kama mtu anayetazama kituo ambacho si chake, akingoja treni iendelee.

Na mkono wa kuume ulipokuwa umefungwa, alipata njia nyingine. Alikuwa anasimama mlangoni na kuligongesha bega lake la kushoto kwenye mwimo wa mlango. Mara mbili, anangoja. Mara mbili, anangoja. Rangi ya mwimo ilichubuka mahali pale, na koti likatoboka. Mimi, mwanafunzi wa kabichi, niliona kwamba bega linamwasha. Nilimpaka mafuta ya mawese kila asubuhi, nikilisugua kwa bidii, huku naye akinitazama usoni kwa makini kabisa, akingoja nifanye jambo fulani ambalo sikulijua.

Wakati huo nilikuwa ninauza chumvi na sukari kwa kijiko kupitia dirishani, ili nisilazimike kwenda sokoni. Mchana mmoja alikuja mtu kununua chumvi, mwanaume wa miaka hamsini hivi, miguu imejaa vumbi la kijani la mawe, mmoja wa wale waliokuwa kiwandani na sasa wanachimba wenyewe vilimani. Nilikuwa ninampimia chumvi, naye alikuwa anatazama pembeni, mlangoni.

"Huyu papa alitumika konkaseri?"

"Ndiyo. Unamujua?"

"Shimujue. Minye nilikuwa konkaseri ya chini." Aliendelea kutazama. "Mukono yake iko na nini?"

"Rozari. Anasali."

"Ile haiko kusali, mama. Iko anauliza."

Kijiko kilibaki hewani. Nilimuuliza anauliza nini.

"Anauliza nani anakuya kumupokea. Unaona? Bega mara mbili. Kule kelele iko mingi, hauwezi kusikia muntu akifika, basi ule anakupokea anapita nyuma, anakugonga bega mara mbili. Pale njo unajua kazi imeisha, unaenda kwako. Kama hakukugonga, unabakia. Hauachake mashine peke yake."

"Na hii ni nini?" Niliweka chini kijiko na kufanya kama nilivyoona stesheni: ngumi juu ya kiganja.

"Ile? Unangoya. Niko nakuya."

Nakumbuka alichukua chumvi yake mwenyewe kwenye karatasi. Nilikuwa ninalihesabu jambo hilo kichwani: kwamba yule mzee kwenye dirisha la treni, kwa huruma, kwa kukosa la kusema, alimwambia mwenzake angoje, anakuja. Na baba akangoja. Miezi minane baba alikuwa kazini kwenye kibaraza changu, hawezi kulala, hawezi kuvua buti, hawezi kuegemea, kwa sababu zamu yake haijaisha, na kila siku alikuwa ananiuliza mimi, kwa mkono, kisha kwa bega, nani anakuja. Na mimi nilijibu kwa mawese.

"Mumupokee basi," alisema yule mtu.

"Nani? Minye?"

"Kuko mungine?"

Ilikuwa karibu saa nane. Nilizunguka kwa mlango wa nyuma, nikapita jikoni, nikasimama nyuma ya baba. Nilimgonga kidogo tu, kama mwanamke anayeomba kupita kanisani. Hakuhisi. Yule mtu, kutoka dirishani, alisema, "Gonga, mama, ile ni bega ya muntu, haiko yai." Nikagonga mara mbili, kwa kiganja kizima.

Baba aligeuka. Alinitazama kwa muda mrefu, gauni langu, ndala zangu. Nadhani hakuwahi kupokewa na mtu aliyevaa hivyo. Kisha alinyoosha mkono wa kuume, nikaifungua rozari, na mikono yake ikaanza kwenda, taratibu, kwa utaratibu wa kazi. Yule mtu alinitafsiria:

"Anasema mukaba ya pili inatetemeka, uangalie. Anasema jiwe kubwa ilikwama asubuhi, wameitoa. Anasema anachoka."

Baba akapita kando yangu, akaingia ndani, akaketi kitandani, akavua buti. Soksi ilitoka na ngozi. Alilala chali hadi siku ya pili mchana. Mimi nilibaki nimesimama kwenye kibaraza na zamu mkononi, nikiulinda mkanda wa mashine ambayo haikuwepo, na niliogopa kuondoka.

Ndipo mtu wa nyumbani alipotoka nyumbani. Nilikwenda Kikula kwa miguu, mara tatu kwa juma, ambako wazee kadhaa wa konkaseri walikuwa wanauza makaa na misumari ya zamani, nikawaomba wanifundishe. Walicheka hadi wakakohoa. Mwanamke, na mwenye diploma, anataka kujifunza mikono ya konkaseri. Walinifundisha kwanza matusi, na kuniambia ni salamu. Nilipomfanyia baba nyumbani, alinitazama kwa mshangao, kisha akacheka, kicheko kisicho na sauti ambacho sikukiona tangu mama alipokuwa hai, na akanirekebisha kidole cha mwisho. Hata tusi alitaka niliseme vizuri.

Ishara zenyewe hazikufika arobaini. Tuliongeza zetu: ya chumvi, ya lengalenga, ya padri. Niligundua pia kwamba salamu ya jirani, ile ya hivi na hivi, ilikuwa karibu sana na "kuna kitu kimekwama chini," na ndiyo sababu baba aliinama chini ya meza asubuhi na jioni, miezi yote ile, kutafuta jiwe. Nilimweleza jirani. Alisema, "Kumbe minye nilikuwa namupatia kazi," na akaendelea kumpungia vile vile.

Nilimrudishia jembe na ndoo. Kila saa nane nilimpokea, naye alinikabidhi mashine, akala ameketi, akalala amevua. Siku nyingine alijua mimi ni nani. Siku nyingine aliniona kama kapita mgeni, akanieleza kwa heshima kuhusu binti yake mmoja aliyesoma sana na hatoki nyumbani. Alifanya ishara ya kiti, halafu akatikisa mabega.

Lakini vilivyokuwa vimekwenda havikurudi. Choo hakukikumbuka tena. Jina la mama halikurudi, wala uso wake kwenye picha. Niliishi kwa matumaini msimu mmoja wa kiangazi. Mvua zilipoanza, mikono nayo ilianza kupotea njia, ishara ikaanzwa na kuachwa katikati. Mchana mmoja nilimgonga bega, akageuka, akainua mikono yote miwili mbele yangu, na haikuwa na la kukabidhi. Aliitazama mikono yake. Kisha akanitazama mimi, kwa adabu, kama anayeomba radhi. Alifariki kabla mahindi hayajakomaa.

Sasa nimefika umri ambao na mimi ninaingia chumbani na kusahau nimefuata nini. Kituo cha afya kinaniita kila mwezi kwa ajili ya tansio, yaani presha, na juzi muuguzi, msichana mwenye sauti kubwa na kalamu nywelini, alitukusanya wazee kwenye mabenchi, akatupa somo. Jirani yangu alikuwepo, tansio yake ni kubwa kuliko yangu na anajivunia.

"Ba mama na ba papa," alisema muuguzi, "kichwa inazeeka, c'est normal, ni kawaida. Lakini bantu ya masomo banachunguza sana siku hizi, na banaona kuko bintu inafanya izeeke mbio, na bintu inaisaidia." Akataja: kutembea, kulala vizuri, tansio na sukari kuangaliwa, tumbaku kuachwa, mikono na akili kupewa kazi, kukaa na watu na kuongea nao. Nilikuwa ninatikisa kichwa kwa kila neno kama mtu anayesomewa hukumu polepole. Kisha akasema, "Na masikio. Muntu asiposikia, bantu banaacha kumusemesha, anabakia peke yake, na kichwa inakosa chakula. Musikie bien: masikio."

Niliinua mkono. Sikuwa nimeinua mkono tangu sekondari. Niliuliza: kama mtu ni kiziwi, na alikuwa anaongea kwa mikono, na mtu mwingine akamzuia mikono kwa miezi, je, kichwa kinaharibika kwa sababu hiyo, au kilikuwa kitaharibika tu?

Muuguzi alitoa kalamu nywelini, akairudisha. "Mama, bale bantu ya masomo banaangalia bantu bengi pamoja. Ya muntu moya, hakuna anaweza kukuambia. Pengine ingekuya tu. Pengine ingekawia."

Tulirudi kwa miguu, mimi na jirani, polepole, kwenye barabara ya Panda ambayo lami yake imebaki pembeni tu. Nilikuwa ninaongea peke yangu njia nzima. Nilimwambia umesikia, amesema pengine ingekuja tu. Nilimwambia baba alikuwa tayari mzee. Nilimwambia mwenzake alikuwa amekwenda, konkaseri ilikuwa imekufa, mji mzima ulikuwa umekufa, rozari ni kitu kidogo sana katika mambo yote yale. Nilimwambia sikujua, nani angejua, nilifanya kwa ajili ya afya ya kichwa chake, ndivyo tulivyofundishwa. Nilingoja aseme ndiyo. Neno moja tu lingenitosha kulala nalo.

Alisimama kuvuta pumzi, mkono kiunoni, akanitazama kutoka kwenye kitambaa cha kichwa hadi kwenye viatu.

"Usitafute munganga akusafishe, Mamzeli. Ulimufunga papa yako juu ya kuona haya mbele ya bantu ya kanisa, haikukuwa juu ya kichwa yake. Sasa tembea, jua iko inachoma."